Mama Hujambo na Kisanduku cha Sekunde

Saa mbili asubuhi, Ijumaa. Simu ya kwanza inalia katika ofisi ya maji, na mwanaume wa upande wa pili ameshapandisha hasira.

"Siku ya tatu hakuna maji! Hivi nyinyi watu mna—"

"Hujambo, baba?" anauliza mama aliyeshika mkonga wa simu.

Mtu anasikika akimeza maneno aliyoyaandaa tangu alfajiri.

"Sijambo," anasema hatimaye.

"Umeamkaje? Watoto wazima?"

"Wazima. Mdogo tu ana mafua."

"Maskini! Mpe pole. Haya, niambie, maji yamekukosea nini?"

Anapounganishwa na fundi, mwanaume huyo anacheka. Salamu na malalamiko vimekula dakika tatu na ushee. Juu ya meza, kisanduku cheusi kinabadilisha tarakimu zake nyekundu, na mama anakitazama kwa jicho baya.

Kazini wanamwita Mama Hujambo. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na saba amepokea simu katika chumba chenye nafasi ya kiti kimoja, meza moja na feni inayopuliza ukuta. Kwa siku hupokea simu sitini hivi, nyingi za watu wenye hasira.

"Maneno matamu humtoa nyoka pangoni," anasema. "Mimi nimewatoa wengi, na hakuna aliyeniuma."

Meneja mpya hakuja na methali. Alikuja na kisanduku. Kinapima kila simu na kutoa wastani wa wiki, na agizo lake lilikuwa fupi: wiki hii wastani uwe chini ya sekunde sitini. La sivyo, kuanzia Jumatatu itajibu mashine. Bonyeza moja, bonyeza mbili.

"Ubonyeze moja, halafu?" mama anahoji. "Mashine itamuuliza mzee wa watu miguu yake inaendeleaje?"

Si kwamba hakujaribu. Jumatatu alipokea simu akasema tu, "Maji, sema." Mteja akashtuka, akamuuliza amefiwa na nani. Kumhakikishia kwamba wote ni wazima kulichukua dakika sita. Jioni ile kisanduku kilisoma dakika tatu na sekunde kumi na mbili.

"Nilifika nyumbani nikalia," anasema. "Sioni aibu kusema. Miaka miwili tu nistaafu, halafu nitolewe kitini na sanduku!"

Nyuma ya pazia, kitinda mimba wake alikuwa anasikia. Ni binti wa miaka kumi na sita, na mazungumzo yake na mama yake hupitia kwenye simu hata wakiwa nyumba moja.

"Namwandikia chakula kiko tayari, nami nimesimama mlangoni kwake," mama analalamika. "Ananijibu kwa picha ya kidole gumba. Nikimpigia hapokei. Anaiacha ilie mpaka ichoke, kisha ananiandikia: Ulikuwa unasemaje?"

Binti ana utetezi wake. "Kupigiwa ghafla kunatisha," anamweleza mwandishi huyu. Analieleza hilo kwa ujumbe wa maandishi, huku wameketi kochi moja.

Jumatatu hiyo binti alichukua klipu aliyokuwa amemrekodi mama yake akimsalimia jirani, akaiweka mtandaoni pamoja na namba ya ofisi, na chini akaandika: "Piga umalize salamu za mama yangu bila kukata. Huwezi."

Kesho yake, watoto walipotoka shuleni mchana, simu zikaanza.

"Hujambo, mwanangu?"

"S-sijambo."

"Mama hajambo?"

Tu, tu, tu. Sekunde nane.

Aliyefuata alikata kwenye "Hujambo". Mwingine, kwa kiwewe, aliitikia "Marahaba" kabla ya yeyote kumwamkia, akatoweka. Mama alidhani laini ni mbovu, akamwita fundi. Fundi akaikagua na kusema nzima.

"Nikajua basi watoto wana msiba," anasema. "Nikawaombea."

Ilikuwa Alhamisi jioni binti alipomtumia ile klipu. Mama akamwandikia: "Ni wewe?" Akajibiwa kidole gumba. Kufikia hapo watoto mia saba na zaidi walikuwa wamepiga na kukimbia, na wastani ulikuwa umeporomoka.

Je, huo si udanganyifu? Mama anajikuna shingo. "Niliona vibaya kidogo. Lakini kisanduku kiliambiwa kihesabu simu. Si kimehesabu?"

Sasa ni Ijumaa, saa kumi na dakika hamsini jioni. Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Kisanduku kinasoma hamsini na tisa, na meneja amesimama mlangoni, mikono nyuma. Simu inalia.

"Shikamoo, mama."

Mama anaitambua sauti. Mkono wake unatulia juu ya meza.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umeshindaje? Mgongo unaendeleaje?"

Maneno mawili yangetosha: tutaongea nyumbani. Mama anakitazama kisanduku, anamtazama meneja, kisha anageuza kiti na kuelekea ukutani.

"Mgongo haujambo. Umekula?"

Binti amekula. Amegombana na rafiki yake. Viatu vinambana na alikuwa anaona vibaya kusema. Dakika nne zinapita. Mama anapoweka mkonga chini macho yamelowa, na kisanduku kinasoma sitini.

"Agizo lilikuwa chini ya sitini," anasema meneja.

"Najua, bosi."

"Ungemkatisha."

"Ningemkatisha, angenipigia tena lini?"

Meneja anatoa simu yake mfukoni na kumwonyesha mama. "Wanangu wawili. Tangu mwaka uanze." Ni vidole gumba, juu mpaka chini. Katikati kuna ua moja, la siku yake ya kuzaliwa.

Anakohoa kidogo. "Mama, wakipiga hapa, utawashika hata dakika moja?"

Jumatatu inayofuata mashine bado imo ndani ya boksi lake, chini ya meza, na Mama Hujambo ameegemeza miguu juu yake. Kila siku, saa kumi hadi saa kumi na moja, ameruhusiwa kupokea watoto, na kisanduku kimezimwa. Anataka kabla ya kustaafu wote waliomkimbia wawe wamemaliza salamu.

Mtoto mkubwa wa meneja ameshapiga. Alikata baada ya sekunde kumi na tisa.

"Alifika mpaka kwenye habari za bibi yake," mama anasema, akivuta simu karibu. "Kesho atamaliza."