Nilivyofufua pikipiki ndefu ya zamani nyuma ya jiko, na mama mfugaji aliyeinusa kabla ya kunipa maziwa

Wakuu, heshima zenu. Na wale mnaosoma mkiwa kazini huku mmeficha simu chini ya meza, nawasalimu pia.

Leo naleta habari ya chuma. Yote nitakayoandika yamenitokea mwenyewe, huku Kyerwa, na mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari. Hata nikitaka kuongeza chumvi sipati nafasi.

Niseme mapema, kwa pikipiki mimi najiamini. Cheti sina, ila ukipita na pikipiki inakohoa nakwambia ugonjwa wake kabla hujazima. Wanaonijua wanajua.

Mimi ni Mhaya wa Muleba, maisha yakanileta hapa Kamuli. Tuna migomba na kahawa kiasi, na mama Anitha, ndiye mke wangu, ana kibanda cha maziwa na chapati pale senta. Kahawa ikishauzwa na hela yake kuisha, kibanda ndicho kinachotulisha mpaka msimu mwingine.

Sasa shida ilianzia hapo.

Maziwa alikuwa anatuletea jamaa wa bodaboda, anayatoa kwa wafugaji upande wa mbugani, mbele ya Songambele. Mvua zikashuka, njia ikawa utelezi mtupu. Jamaa akaanguka na mzigo wote, akasema hiyo njia hataki hata kuisikia. Kibanda kikabaki na chapati na chai ya rangi. Wateja wakaanza kuhamia kwa jirani, mmoja mmoja, bila kuaga.

Mama Anitha akanyamaza. Nyie hamumjui. Akisema sana hali ni nzuri, akinyamaza hali ni mbaya.

Nikamwambia maziwa nitayafuata mwenyewe. Akaniuliza, "Kwa miguu?"

Nikamwonyesha nyuma ya jiko.

Huko nilikuwa na pikipiki moja ndefu ya zamani, zile za kupanda milima, tairi za meno, ekzosi inapita juu ubavuni, ukikaa miguu inaning'inia. Niliinunua kwenye mnada wa vitu chakavu, mke wangu akanuna wiki nzima. Kuku walikuwa wameigeuza makazi. Mmoja alikuwa anatagia juu ya siti, pale sponji ilipochanika.

"Baba Anitha, hicho ni kiota," akasema.

Nikamwambia amwombe kuku ahame.

Nikatandika gunia chini nikaanza. Wenye pikipiki kama hii, hapa msiruke.

Kwanza tenki. Ndani ilikuwa kutu tupu. Nikatia kokoto ndogo na maji ya ndimu, nikaitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, nikamwaga, nikarudia. Mwisho maji yakatoka meupe.

Kabureta nikaifungua yote, vitundu nikavizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Msitumie sindano, mtavipanua na pikipiki itakunywa mafuta kama harusini.

Moto wa plagi haukuwepo kabisa. Ule mfumo wake wa zamani nikauweka kando, nikafunga CDI, kile kiboksi kinachopeleka moto kwenye plagi, na koili za hizi pikipiki za kisasa, nikatengeneza kishikio kwa kipande cha bati nene. Watu wa senta walisema haiwezekani. Ikawezekana.

Injini nikaitengua kichwa. Ringi za pistoni zimeisha, oil seal za vali zimekauka kama ngozi ya ngoma. Nikaagiza mjini Kayanga, zikaja, nikafunga kwa mkono wangu. Gasketi moja haikupatikana, nikaikata mwenyewe kwa karatasi ngumu ya gasketi, nikiifuata ile ya zamani kwa kalamu.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikapiga chafya. Iliyofuata ikaitika, na kuku wote wakakimbilia migombani. Mama Anitha alitoka na mwiko mkononi. Akacheka, na mimi cheko hilo nilikuwa nimelikosa muda.

Halafu nikaibadilisha iwe ya kazi. Nyuma nikaweka sproketi ya mnyororo kubwa zaidi ili iwe na nguvu kwenye kilima. Shokapu nikaongeza springi ngumu. Keria nikaichora mimi, fundi wa kuchomelea akaiunga: pana, inashika keni mbili za alumini, moja kulia, moja kushoto. Na kwa ufundi wangu mwenyewe, mpira wa mfuniko wa kila keni nikaupaka grisi kidogo ili maziwa yasivuje njiani.

Hiyo grisi ikumbukeni.

Nikaenda. Njia ile iliyomshinda jamaa, mimi niliipita nimekaa wima kama askari wa gwaride. Nikafika kwa Mama Eresia.

Mama huyu ni mjane, Mlutheri wa kweli, ana ng'ombe wa pembe ndefu ambao anawaita mmoja mmoja kwa jina. Vijana wanachunga, lakini maziwa ni mamlaka yake. Yeye ndiye anaamua yaende kwa nani. Akikunyima yeye, upande ule wote hupati, maana wengine wanamtazama yeye.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo pikipiki iliyokuwa inapiga kelele tangu kule kilimani?"

Nikasema ndiyo. Akamimina maziwa kutoka kwenye ebyanzi, vile vyombo vyao vya mti, taratibu, bila kudondosha tone. Nikafunga, nikaondoka kifua mbele.

Jioni yake mteja wa kwanza alionja, akaweka kikombe chini. Wa pili akauliza kama tunapikia mafuta ya taa. Mama Anitha akaonja, akaniangalia. Tukamwaga keni zote mbili shambani, na roho iliniuma kweli.

Nikajipa moyo kwamba ni bahati mbaya. Asubuhi nikaosha keni kwa sabuni ya unga mpaka zinang'aa, nikarudi mbugani.

Mama Eresia hakumimina. Alifungua keni tupu ya kulia akaingiza uso mzima ndani. Akatulia humo. Alipotoa uso, akachukua ebyanzi vyake akavifunika, kimoja baada ya kingine.

"Waitu, mwanangu, maziwa ya ng'ombe wangu uliyapitisha wapi?"

Nikaanza kueleza habari za ringi mpya. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Pikipiki yako ni nzima, nimeisikia. Lakini imezoea kubeba watu, na watu hawashiki harufu. Maziwa yanashika kila kitu. Ukiyanukisha hivi, sisi tunasema umemtukana ng'ombe. Siwezi kukupa tena."

Wakuu, mimi nimeshindwa na mengi, lakini kushindwa na pua sikutegemea. Nilirudi na keni tupu zinagongana njia nzima. Nikawaza kibanda, nikawaza namna ya kumwambia mama Anitha. Nilipofika hakuuliza, alizisikia keni.

Sasa hapa ndipo mtaona kwa nini najiamini.

Sikukaa nikalia. Nilikaa chini mbele ya ile pikipiki nikaanza kuinusa mimi. Ndiyo, kwa magoti, kama mbwa. Mke wangu ni shahidi. Keni ya kushoto ilikuwa na nafuu, ya kulia ilikuwa balaa. Nikajiuliza upande wa kulia kuna nini. Ekzosi. Ile ya juu, inapita sentimita chache tu kutoka kwenye keni, na moshi unatokea hapo hapo. Halafu ule mpira wa injini kupumulia, mwisho wake ulikuwa unapuliza mvuke wa oili chini ya siti, moja kwa moja kwenye keria. Juu ya hayo yote, grisi yangu kwenye mifuniko, na sabuni ya unga ya maua.

Yaani nilikuwa nimejenga kiwanda cha kunukisha maziwa, na kila nati nimeikaza mwenyewe.

Nikaikata ekzosi, fundi akaiunga upya ipite chini, mdomo utazame nyuma na utokeze nje ya keria. Kati yake na keni nikaweka ukuta wa bati. Mpira wa kupumulia nikaurefusha mpaka chini karibu na tairi. Grisi nikaitoa, nikanunua mipira mipya. Keni nikazichemshia maji matupu, nikazianika juani.

Na hapa Uhaya wangu ukanisaidia. Keria nikaitandika magome makavu ya mgomba, ili keni zisiguse chuma, na juu nikafunika majani mabichi ya mgomba, yanatunza ubaridi. Hilo hakunifundisha mtu, nimezaliwa nalo.

Nikarudi kwa Mama Eresia. Sikuomba maziwa. Nilimwambia, "Mama, nimekuja unuse."

Akanusa keni. Akanusa mfuniko. Akazunguka pikipiki yote huku inaunguruma. Kisha akasema, "Imesimama. Hata mwizi akisimama tu ni mtu mwema, nataka niinuse ikitembea."

Akaniambia nishushe keni. Nikashusha. Akajifunga kitenge vizuri, akashika bega langu, akapanda kwenye keria, pale pale maziwa yanapokaa, juu ya magome ya mgomba.

"Twende mpaka kwenye maji tunakonyweshea ng'ombe."

Wakuu, nimebeba mikungu, nimebeba mbuzi, nimebeba hata kitanda. Sijawahi kuendesha kwa woga kama siku ile. Vijana wake waliacha kazi wakabaki wanatazama. Kule kwenye maji ng'ombe waliinua vichwa, na yeye akawaita majina yao kutoka juu ya keria.

Tuliporudi akashuka, akashika pindo la kitenge chake, akalinusa. Akalinusa tena upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeshika breki ingawa pikipiki ilikuwa imeshazimwa.

Akaingia ndani na keni zangu. Nikaona moshi. Alikuwa anazifukiza kwa nyasi zao, zile wanazofukizia ebyanzi.

"Mama, si na huo ni moshi?"

"Huu ng'ombe wanaujua," akasema, akaanza kumimina.

Siku hiyo hiyo kibanda kikawa na maziwa tena. Waliohama wamerudi, na bado hawaagi wala hawasalimii, wanaagiza tu. Mama Anitha anasema sana siku hizi.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitengeneza pikipiki, usisikilize injini peke yake, jiulize itabeba nini, kisha kaa pale mzigo utakapokaa. Mimi niliijua kutoka kwenye siti ya dereva tu. Mama Eresia ndiye aliyeijua kutoka kwenye keria.

Mpaka leo ananusa kabla ya kumimina, kila siku. Juzi alimaliza kunusa keni, akasogea akanusa koti langu, akarudi nyuma.

"Pikipiki imepona. Sasa bado wewe."

Nimefua. Wenye pikipiki ndefu za zamani, semeni hapo chini mnabeba nini na mpira wa kupumulia mmeuelekeza wapi. Na anayejua sabuni inayotoa oili kwenye koti asinyamaze, kesho asubuhi naenda tena.