Barua Zilizolala Ndani ya Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa kilimo pale Homa Bay. Mimi ni Mkuria, kwetu ni mbele ya Migori, na Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu. Wenzangu ofisini walikuwa watu wema, lakini saa ya chai walirudi kwenye lugha yao, wakacheka, nami nikabaki na kikombe changu nikitabasamu bila kujua natabasamia nini. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kusema.

Mtu niliyeweza kumweleza ya moyoni alikuwa kaka yangu; tulizaliwa wawili tu, naye alikuwa Ulaya masomoni. Barua ya posta ilichukua wiki tatu. Kwa hiyo kompyuta ilipoletwa ofisini, na fundi kutoka Kisumu akaniambia naweza kumwandikia kaka leo akasoma leo, nilimwandikia kaka barua moja ya mwisho ya karatasi. Anwani yake ya kompyuta ya chuoni nilikuwa nayo tayari; nikampa yangu mpya na kumwambia kwa maringo: kuanzia sasa ni kompyuta tu, usipoteze stempu.

Fundi alinifundisha siku mbili, na maneno yake niliyatia kwenye daftari. Usibonyeze kitufe cha kushuka kila mwisho wa mstari, hii si taipureta. Chagua fonti moja, usichanganye tano kama tangazo la disko. Ukiingia kwenye mtandao zima picha, kurasa zitafunguka haraka. Aliponiunganishia nikazizima, na ndiyo maana dunia niliyoiona mara ya kwanza kwenye mtandao ilikuwa maneno na vijisanduku vitupu. Mwisho akanifungulia sanduku langu la barua pepe, mbali na lile la mradi, akaenda zake.

Laini ya simu ilikuwa moja. Saa saba mchana meneja aliunganisha kompyuta, modemu ikapiga kelele, barua za mradi zikaenda na nyingine zikaja. Mimi niliandika zangu asubuhi, nikabonyeza pa kutuma, nikaziona zimeingia mahali palipoandikwa Outbox. Mimi ni mtoto wa posta. Ukishatumbukiza barua kwenye lile sanduku jekundu, kazi yako imekwisha, atakayekuja kulifungua ni mtu wa serikali. Haikunijia kwamba meneja akifungua lake, langu haliguswi.

Niliandika kuanzia Machi mpaka Agosti. Kaka kimya. Mbona sikurudi kwenye karatasi? Hasira. Nilijiambia, asiyejibu barua kumi hatajibu ya kumi na moja.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani kwa mama. Mama alikuwa mjane, hakujua kusoma, na alikuwa Msabato wa kweli. Kwake barua ilikuwa jambo la dunia, haisomwi mpaka jua la Jumamosi lizame. Tulikaa kibarazani tukilitazama.

"Limezama?" aliniuliza.

"Bado, mama."

Likishazama, ilinibidi kumwambia kwamba kaka hajaandika. Mwezi wa tatu wa kungoja akauliza kama ameoa Mzungu, tukacheka. Mwezi wa tano wa kungoja hakuuliza kitu. Alitazama tu mkoba wangu, kisha akaenda kufungia kuku. Nilimchukia kaka siku ile.

Septemba barua ya kaka niliiandika mimi mwenyewe. Fonti ya ofisi ilisimama wima kama askari wa gwaride, na mama aliujua mwandiko wa kaka, uliolala upande tangu shuleni. Nikatafuta fonti iliyolala. Nikaandika kwa lugha yetu yote niliyotamani kaka aniambie, kwamba anatukumbuka, kwamba huko hakuna wa kuzungumza naye saa ya chai. Na kwa kuwa uongo hauna breki, nikamalizia kwamba Desemba anakuja.

Jua lilipozama nikaisoma. Mama akaichukua, akapitisha kidole juu ya maandishi.

"Ni yeye," akasema. "Mwandiko wake huu."

Akaitia ndani ya Biblia. Nilipokwenda tena mwisho wa Oktoba alikuwa anakanda udongo wa kukandikia nyumba ya kaka ng'ambo ya ua, aje aikute tayari, na akanitaka nimsomee tena, mara mbili.

Novemba fundi akarudi kutazama mitambo. Akafungua sanduku langu, akaguna.

"Madam, hizi letter zako zote ziko tu hapa kwa Outbox. Kwani hujawahi kuconnect?"

"Si meneja huconnect kila siku?"

"Hiyo ni yake, madam. Yako ni wewe."

Akabonyeza. Zangu zikaenda, na za kaka zikaanza kuingia, moja moja, mpaka kumi na moja. Nilizisoma kwa mpangilio. Ya kwanza ilikuwa ya utani. Ya tano iliuliza kama mama yu hai. Ya mwisho ilisema: kama mmenisahau, sina sababu ya kuja, likizo ya Desemba nimekubali kazi hapa. Nililia mbele ya fundi, naye akajifanya anafuta vumbi kwenye kioo.

Nikamwandikia kaka papo hapo, na safari hii nikaunganisha mwenyewe. Kesho yake akajibu. Alisema amelia kama mtoto, lakini kazi ameshaitilia saini. Angekuja mwaka unaofuata.

Jumamosi ile tulingoja jua na mama kama kawaida. Lilipozama nikamweleza yote, kosa langu la sanduku na uongo wangu wa Desemba. Hakunikemea. Alisema tu, "Soma." Nikamsomea zote kumi na moja, nilizokuwa nimezichapa ofisini, pamoja na ile ya hasira. Ng'ambo ya ua, udongo wa nyumba ya kaka ulikuwa haujakauka.

Mama akazipanga magotini, kisha akaifungua Biblia na kutoa ile yangu.

"Hizo nimezisikia. Sasa nisomee hii ambayo anakuja."

"Mama, hii niliandika mimi."

"Nimeelewa. Soma."

Nikasoma. Nilipofika penye Desemba nikaishusha karatasi, na mama, macho yake yakiwa kwenye ile nyumba, akaimalizia mwenyewe neno kwa neno. Alikuwa ameikariri.