Ujumbe wa Kumrudisha Shemeji

Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumwona Ndeshi akila chakula cha moto. Kukiwa na kitchen party Mansfield, arobaini Mesquite au harusi Houston, mwenye sufuria kubwa ni yeye, mwenye ufunguo wa ukumbi ni yeye, na wa mwisho kufagia ni yeye. Siku za kazi anahudumia wagonjwa wa figo kwenye kliniki hapa DeSoto, karibu na Dallas; Jumamosi anatuhudumia sisi. Mimi Melania, shoga yake, ndiye mwenyekiti wa kamati zote hizo. Maana yake mimi hutoa amri na Ndeshi hufanya kazi.

Mumewe, Severin, ni mtu wa maabara, na maneno kwake ni kama dawa ghali. Siku mtoto wao Rogers alipopata nafasi ya chuo Houston, wanawake tulipiga vigelegele mpaka mtaa ukawasha taa. Severin akasema, "Haya, vizuri," akaenda kuosha gari.

Rogers alipoondoka, mwaka 2018, Severin akachukua kazi kwenye hospitali ya Wexley, Kansas, mji wa watu elfu moja na mia nane. Alisema amechoka kukaa kwenye foleni ya magari saa mbili kila siku, na kule angekwenda kazini kwa miguu. Nyumba yenye ua mkubwa alipata kwa kodi ya chumba kimoja cha Dallas. Akamwomba Ndeshi wahame wote. Ndeshi akakataa, nami nikamuunga mkono kwa nguvu zangu zote.

"Mama Rogers, utaishije mahali hakuna sembe?" nilimwambia. "Nani atakusuka? Utaongea Kiswahili na nani, na ng'ombe? Mji mdogo ukinunua kitunguu saa tatu, saa nne wote wanajua unapika mchuzi."

Hayo yalikuwa kweli. Lakini nikiri na lingine: niliogopa nitabaki na kamati zangu bila mtu wa kubeba sufuria.

Basi Severin akawa anaendesha saa sita kuja DeSoto kila Ijumaa ya pili. Baadaye ikawa kila wiki ya tatu, kisha mara moja kwa mwezi. Siku moja, Aprili 2019, Ndeshi alikuwa jikoni kwangu akimenya viazi vya watu sitini, akaweka kisu chini.

"Melania, nadhani mume wangu ameshazoea nisipokuwepo. Akipiga simu anauliza kama mvua imenyesha, halafu anakata."

Machozi yakamtoka juu ya viazi. Nilipandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira naitisha kikao. Jioni ile ile nikafungua kundi la WhatsApp, jina lake Rudisha Shemeji. Tukaamua kufanya mambo kwa heshima, kama posa: tutume ujumbe Kansas wenye msemaji. Msemaji akawa Mzee Twalibu wa Mansfield, ambaye amepeleka posa nyingi na hajawahi kurudi mikono mitupu. Dereva akawa Onyancha, Mkenya wa Mesquite. Mimi niliongoza msafara. Ndeshi alikuja kama mwenye mali. Wanawake waliobaki waliahidi kupika pilau Jumapili ya kumpokea shemeji.

Severin aliambiwa tu kwamba wageni wanakuja. Tulitoka alfajiri ya Jumamosi. Baada ya Oklahoma hakukuwa na kitu ila ngano na anga.

"Maze, hii ni ocha kabisa, kijijini ndani ndani," Onyancha akasema. "Hata network imetuacha."

"Umeona?" nikamgusa Ndeshi. "Na bado hatujafika."

Wexley tulisimama kituo cha mafuta. Mama wa dukani, mzungu mwenye miwani ya kamba, alitutazama, akamkazia macho Ndeshi.

"Wewe ndiye Ndeshi."

Ndeshi akashtuka. "Unanijua?"

"Nani hapa hakujui? Severin ametuonyesha picha, ile ya gauni la njano." Akaingia nyuma ya duka, akatoka na mfuko wa tangawizi mbichi. "Hii hapa. Nilikuwa siuzi tangawizi mbichi. Mumeo aliniomba niwe nayo siku utakapokuja, akasema chai bila tangawizi hunywi. Naagiza kila wiki. Ikinyauka naagiza nyingine."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

Tulirudi garini. Ndeshi aliupakata ule mfuko. Mimi nilijiambia, Melania, hii ni tangawizi tu, usilegee.

Severin alikuwa barazani na jirani yake, Mzee Walt, mkulima mstaafu, pamoja na mke wa mzee huyo, aliyekuwa akipanga vyakula mezani. Mzee Walt hakungoja hata tushuke vizuri. Alimshika Ndeshi mkono, akampeleka uani kumwonyesha tuta refu lililolimwa likalainika.

"Mumeo kaniambia unataka kupanda mboga yenu, mchicha. Nimelima mara mbili. Msimu wa kwanza hukuja, nikalima tena."

Mkewe naye akadakia, "Na ni kweli unakoroma ukichoka? Severin anasema nyumba hii ina kimya kinachomnyima usingizi. Kamwambia kila mtu kanisani."

Onyancha alicheka mpaka akashika nguzo. Severin alisimama kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

"Watu wa hapa wanasema sana," akanong'ona.

Mzee Twalibu akaona ujumbe unamponyoka. Akavaa kofia yake, akakohoa, akaanza kwa lugha ya posa: "Ndugu yetu Severin, sisi ni watu wa DeSoto. Tumepotelewa na jogoo wetu. Tumefuata nyayo, na nyayo zimetufikisha uani hapa."

Mzee Walt akauliza tumesema nini. Severin, mtu asiyejua kupamba, akamtafsiria neno kwa neno. Yule mzee akainuka mara moja, akaenda kukagua banda lake, na tulimsikia akiita kuku huko nyuma. Aliporudi alituomba radhi sana: alikuwa na majike tu. Hapo hata Mzee Twalibu alishindwa, akavua kofia akacheka.

Ndeshi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Mji mzima umewaambia. Mbona mimi hukuniambia?"

Severin aligeuka akatazama lile tuta. Kisha akasema, "Ningekuambia saa ngapi, Mama Rogers? Kila nikipiga simu, uko kwenye kikao."

Vikao vyenyewe ni vyangu. Nilitamani ardhi ya Kansas inimeze, na ardhi kule ni nyingi.

Tulipoketi kula, Ndeshi aliinuka kwa mazoea achukue mwiko. Mke wa Walt akamrudisha kitini kwa bega. "Wewe leo ni mgeni." Akamwekea sahani mbele inayotoa moshi. Ndeshi akala, Severin kando yake akimkatia nyama, naye hakuinuka hata mara moja. Niliona raha nikaona na aibu, vyote pamoja.

Jumapili asubuhi Onyancha aliwasha gari. Severin akaleta begi langu, akaleta la Mzee Twalibu. La Ndeshi hakulileta. Ndeshi alitoka na kikombe cha chai, miguu peku.

"Nina likizo ya wiki tatu ambayo sijawahi kuigusa," akasema. "Nitapiga simu kazini kesho. Na hospitali ya hapa wanatafuta manesi, nita-apply."

"Na kitchen party ya Jumamosi Mansfield?"

"Sufuria ziko gereji." Akanipa ufunguo.

Sikukubali kirahisi. "Shoga, fikiri. Hapa utaishi kwenye midomo ya watu. Ukipiga chafya watajua!"

"DeSoto nina miaka kumi na moja," akanijibu. "Jirani ninayemjua kwa jina ni mmoja, na huyo ni mbwa."

Nilicheka bila kupenda, nikamkumbatia, nikalia, nikamwambia Severin akimchezea nitarudi na kamati nzima. Severin akasema, "Karibuni sana. Njooni hata kesho." Kwa Severin, hiyo ni hotuba.

Mtandao ulirudi tulipofika Oklahoma na simu ikaanza kuruka mapajani kwangu. Kundi zima lilikuwa macho. Shemeji amekubali? Mmeshamchukua? Mbona kimya, mwenyekiti? Wengine walishaweka vigelegele, na picha ya mchele ukiwa umelowekwa. Mwisho mmoja akauliza, "Tuambieni tu mko wangapi kwenye gari, tupime pilau."

Nikageuka kutazama kiti cha nyuma. Mzee Twalibu amelala, kofia kifuani, na pembeni yake nafasi ya Ndeshi. Tulikuwa tumekwenda wanne kumleta wa tano. Nikafuta machozi, nikaandika, "Pimeni ya watatu."