Picha za Singo Ndani ya Kompyuta

Watu wa Chumbageni walikuwa wakisema nyumba ya Bi Muzna binti Amur huingiza maneno, haitoi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa kusoma, amefundisha jiografia mpaka akastaafu, na sifa hiyo aliipenda kuliko dhahabu zake. Ndiyo maana Lina, bintiye, alipofanyiwa singo, kusuguliwa manukato kabla ya harusi, wanawake waliokuja walijiachia. Walivua mabuibui, wakafumua nywele, wakacheza mpaka kanga zikawalegea. Wakakubali na kupigwa picha, sharti zisionwe na mwanamume. Bi Muzna akazihifadhi kwenye kompyuta aliyoletewa kutoka Maskati na shemeji yake Amjad, miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuingia.

Danish, kijana wa Kibohora mwenye duka la kompyuta, alikuwa akija kila mwezi na disketi ya kuisasisha kinga ya mashine. Virusi vipya huzaliwa kila siku, alieleza, na kinga iliyozeeka haivijui. Aliyekuwa akimpokea ni mume wa Bi Muzna. Mume alipofariki, Bi Muzna akakaa eda, na Danish alipobisha hodi akajibiwa kwamba mwanamume asiye maharimu haingii. Alirudi tena, akajibiwa vilevile. Hakuja tena, na Bi Muzna akaona ameihifadhi heshima ya nyumba.

Asubuhi moja akakuta barua pepe ya wifi yake wa Mombasa, imebeba faili. Alidhani ni rambirambi, akalifungua. Hakuona kitu. Lakini kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu kilikuwa kikimetameta taa bila kupumzika, kama mashine ina shughuli zake yenyewe. Akashuku, akaizima.

Haukupita muda simu ikalia. Alikuwa Amjad.

"Shemeji, umeniletea faili limeandikwa singo. Linakataa kufunguka. Au unanionyesha wasichana nichague mke wa pili?"

Bi Muzna akajua ni zile picha. Utani wa shemeji haukumchekesha. Alimwambia alifute, asijaribu tena kulifungua, asiulize.

Danish alipoitwa hakuingia ndani. Alisimama barazani, Bi Muzna nyuma ya pazia la dirisha, kwa kuwa dharura ina hukumu yake. Kijana alimweleza kwa sauti ya chini: kirusi hiki huokota faili lolote kinalolikuta, kikalituma kwa kila mtu ambaye anwani yake imo ndani ya kompyuta; kwa wengine hukataa kufunguka, kwa wengine hufunguka.

"Kila mtu?"

"Kila mtu, Bi Muzna."

Akamkumbuka mkwe wake, Idarusi, baba wa mume wa Lina. Anwani yake ilikuwamo. Na katika picha zile alikuwamo mke wa Idarusi, kichwa wazi, pamoja na wake za wanaume waliokuwa wakisali naye safu moja. Akakaa chini sakafuni.

Danish akapitisha disketi chini ya pazia, akamwelekeza neno baada ya neno, naye akaisasisha kinga kwa mkono wake. Kirusi kikakamatwa. Vilivyokwisha kutoka, Danish alisema, havirudi; ila waliotumiwa wapigiwe simu, wavifute.

"Watajua vimetoka kwangu," Bi Muzna alisema.

"Watajua."

"Na nikinyamaza?"

"Watafungua. Na kwao vitatoka kwenda kwa wengine."

Alianza na Idarusi, maana huyo ndiye aliyemwogopa zaidi. Alikosea namba, akapiga tena. Idarusi aliitikia kwa uchangamfu. Ndiyo, faili ameliona. Alikuwa karibu kulifungua umeme ukakatika, sasa anausubiri.

"Usilifungue, mkwe."

"Kwani lina nini?"

Angeweza kusema ni ugonjwa wa mashine tu, na isingekuwa uongo. Lakini mtu akiambiwa hivyo tu, hushikwa na hamu ya kuchungulia.

"Mna picha za mkeo na wenziwe, siku ya singo. Waliiamini nyumba yangu, na kwangu ndiko zilikotoka."

Bi Muzna akasikia upande wa pili feni ikianza kuzunguka.

"Umeme umerudi," Idarusi alisema.

Kisha Bi Muzna akasikia kiti kikisogezwa, na Idarusi akimwita mkewe kutoka jikoni, akimwambia aje akae mbele ya kompyuta, yeye mwenyewe anakwenda msikitini.

"Haya Muzna," mwanamke alisema akishika simu, sauti kavu. "Nibonyeze wapi?"

Bi Muzna akaanza kumwelekeza.