Kamera Haina Mtani

Nianze na gharama, maana najua ndilo mtakaloulizia kwanza: mkasa huu ulikula jogoo mmoja, uso wangu na cherehani kimoja. Jogoo alirudi akiwa hai. Uso unarudi kidogo kidogo, nikikaza kofia. Cherehani hakijarudi, na wala hakikuwa changu, na hapo ndipo aibu inaponishika mpaka leo nikiwa peke yangu nanyoa ndevu.

Mnaonijua mnajua nauza ndoo, mabeseni na masufuria pale sokoni Masasi, na mnajua tabia yangu ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Sasa vifuniko vya ndoo vikawa vinapungua. Ndoo zipo, vifuniko havitoshi, na ndoo isiyo na kifuniko hata aliyechoka na maisha haulizi bei yake. Nikahesabu, nikarudia, nikahitimisha: soko lina mwizi. Kwenye mkutano wa wafanyabiashara nikasimama, mimi kwa mdomo wangu huu, nikasema tufunge kamera.

Akaletwa fundi na kamera ambayo, kwa maelezo yake, inafikiri yenyewe. Haihitaji mtu wa kukaa kuitazama. Inaangalia, inahukumu, inapiga kelele kwenye spika, halafu inabandika sura yako kwenye runinga kubwa getini ili dunia ikuone. Bei yake ilikuwa ya kutukana watu, nikamkaba yule fundi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, akashuka, nikamkaba tena, mwisho akatupa ile runinga kama nyongeza. (Naomba mkumbuke kwamba ile runinga ilikuwa nyongeza yangu mimi.)

Haikupita muda watu wakaanza kulalamika. Mama Uji aliachiwa meza ya nyanya na jirani yake aliyekwenda kuswali, "nishikie mara moja," kama tunavyofanya siku zote, na alipomfungia mteja nyanya, spika ikalia: "Tahadhari. Umechukua kitu kisicho chako. Tafadhali rudisha." Sauti ya mwanamke mstaarabu kabisa, kama anakukaribisha chai. Wamama wenye watoto wachanga wakahamia nyuma ya vibanda kunyonyeshea, wametundika kanga kama milango. Kuna asubuhi tulikuta kamera yenyewe imefungwa kanga, na aliyepanda ngazi kuifungua nilikuwa mimi, nikawaambia waliokusanyika chini: "Kama huna unachoficha, unaogopa nini?"

Nililipenda sana neno hilo. Nililitumia mpaka wapiga mizigo wakawa wananisalimia nalo.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe. Dada yangu ana binti, Zuhura, aliyepata mchumba kutoka Newala, kijana mtulivu wa familia ya wakulima wa korosho. Na kwetu mnajua, binti husemewa na mjomba. Baba anakaa pembeni anakuna goti. Kwa hiyo msemaji ni mimi. Zuhura alijifunza kushona Lukuledi kwa cherehani cha kuazima, na alitaka mahari yake iwe cherehani, basi, hakutaka kingine. Alikuwa ameshazungumza na wazazi wa watoto wa shule kuhusu sare. Jioni moja akanikalisha chini akaniambia, "Mjomba, wewe ukiamua kubishana hakuna anayekuweza. Nipatie hicho cherehani tu. Chenye mota." Nikamwambia hesabu kwamba kiko ndani, tafuta pa kukiweka.

Wageni walikuwa wafike mchana. Dada akanituma jogoo. Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, uamuzi mdogo kama punje ya ulezi: badala ya kununua jogoo kama mtu mwenye akili, nikaamua nimchukue kwa utani.

Anayeuza kuku pale sokoni ni Mama Somoe. Yeye Myao, mimi Mmakua, watani tangu mababu. Kwenye msiba wa shangazi yangu alinivua kiatu kimoja mbele ya waombolezaji wote, akakitundika shingoni, akazunguka nacho akilia "marehemu ameniachia urithi," na hakunirudishia mpaka nilipomkomboa kwa kitenge. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, sikukasirika (nilikasirika kidogo), ila nilikuwa na deni la kulipiza. Nikafika kwenye matenga yake, nikataja bei yangu, akacheka. Nikapandisha, akaniambia kwa bei hiyo nikachinje ndoo. Basi nikamnyakua jogoo mwekundu kwa miguu, nikatoka mbio, kanzu nimeikunja mkononi, na yeye akafanya linalompasa mtani kufanya. Akapiga yowe: "Mwizi! Mmakua huyo! Ukimpa mkono hesabu vidole!"

Watu wakacheka, maana siku zote tunacheka. Ningefika kona, ningegeuka, ningemtolea maneno, kesho tungemalizana kwa sukari na majani ya chai. Lakini juu ya nguzo kulikuwa na mwenzetu asiyecheka.

"Tahadhari. Umechukua kitu kisicho chako. Tafadhali rudisha."

Nikasimama. Spika ikapandisha sauti: "Mwenye kanzu nyeupe. Tafadhali rudisha." Mgambo wa soko akaja mbio na kirungu chake. Kijana mgeni, ametoka mikoa ya mbali, ana wiki chache tu kwetu, na anaiamini ile mashine kuliko mama yake mzazi.

"Mzee, simama hapo hapo. Huyo kuku wa nani?"

"Wa Mama Somoe. Ni mtani wangu, kijana, huu ni utani."

"Anakujua?"

"Muulize mwenyewe."

Hapo nilikosea mara ya pili. Mtani haulizwi ushahidi. Mtani akikutetea utani umekufa, na Mama Somoe, ambaye kwa utani hana mpinzani toka hapa mpaka Nanganga, alifika anapepesuka, mikono kichwani, akasema, "Simjui! Mimi namjua kwa wizi tu! Mnaona kile kiatu chake? Cha wizi! Mfungeni, babu yake naye aliiba jembe la babu yangu!"

"Mama Somoe," nikamwambia, "leo nina wageni."

"Sikieni, ana wageni! Anawalisha kuku wa wizi!"

Soko zima liko chini kwa kicheko, watu wanashikilia mbavu, Mama Uji amekaa kabisa kwenye mchanga, na kadiri nilivyosema kwamba sasa ni kweli, basi, ndivyo walivyozidi kufurahi, wakaona leo Mzee wa Ndoo anaigiza vizuri. Hakuna mtu hata mmoja pale aliyedhani mimi ni mwizi, isipokuwa watatu: mgambo, kamera na ile runinga. Ikawa mgambo ananishika mkono, anamchukua jogoo kama kidhibiti, anatupeleka wote wawili ofisi ya soko, jogoo akafungwa mguu wa meza na mimi nikapewa benchi. Mwenyekiti wa soko alipofika akacheka mpaka akavua miwani, akamwambia mgambo aniachie. Jogoo abaki mpaka mwenye mali aje kumtolea maelezo. Nikauliza na sura yangu je? Fundi akapigiwa simu. Akasema mashine ikishambandika mtu haimbandui mpaka jioni, ndivyo ilivyopangwa.

Nikatoka getini. Nikajiona. Mkubwa kama mlango, mdomo wazi, jogoo mkononi mabawa yametawanyika, kanzu imepanda mpaka magotini, na juu ya kichwa changu maandishi mekundu: WIZI.

Na chini ya runinga ile ile, wakiwa wameteremka kwenye gari kununua sukari ya kwendea ugenini, walisimama watu watano wenye nguo za heshima wakitazama juu. Wa mbele alikuwa Mzee Bakari, mjomba wa bwana harusi, msemaji wa upande wao, ameinua simu yake kwa mikono miwili kama anayepima mwezi. Anapiga picha.

Nikarudi ndani ya soko, nikapitia kwenye tundu la ukuta upande wa machinjio. (Kanzu ilichanika. Sijaiweka kwenye gharama.)

Nyumbani nikawakuta wameshakaa mkekani. Nikamsalimia Mzee Bakari, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," akaniangalia kanzu, akasema taratibu, "Sisi tulishaonana. Wewe ulikuwa juu."

Dada yangu akaleta ubwabwa na maharage. Wageni wakatazama sinia, wakatazamana. "Kuku hakuja?" akauliza Mzee Bakari.

"Amechelewa," nikasema.

"Amekamatwa?"

Zuhura alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia akivuta pumzi. Mzee Bakari akanawa mkono, hakula. Akaanza ile hotuba ambayo kila msemaji wa posa anaijua: kwamba kijana wao ni mdogo bado, kwamba labda warudi Newala wakashauriane, kwamba haraka haina baraka. Hapo nikajua hatuzungumzii tena cherehani, tunazungumzia kama ndoa ipo. Nikaanza kueleza utani, kiatu, msiba, babu na jembe, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi.

Ndipo mlangoni ikasikika: "Hodi! Mwizi wangu yuko wapi?"

Mama Somoe, jogoo kwapani. Alisikia sokoni kwamba wageni wa Zuhura wameniona, akaacha matenga yake akaja. Akaingia, akanipita bila salamu, akampokonya Mzee Bakari kofia yake ya darizi akaivaa juu ya mtandio, akasema, "Na hii pia Mmakua ameiba, nimekuja kuikamata." Kisha akakaa chini, sauti ikabadilika kabisa, akaita, "Baba. Mimi ni mtani wake. Jogoo ni wangu na nimemleta mwenyewe. Msimvunjie mtoto wa watu kwa sababu ya bati la pale getini."

Halafu Mzee Bakari akacheka, na yeye akicheka anacheka kweli, tumbo lote, kwa sababu Newala nako watani wapo na yeye alishawahi kuvuliwa shati makaburini. Wakacheka wote. Jogoo akachinjwa, wageni wakala, ndoa ikawepo. Nikapumua. Nikajikohoza, nikakaa vizuri, nikataja cherehani chenye mota.

Mzee Bakari aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaigusa, akaiweka katikati ya mkeka. Mimi, mdomo wazi, WIZI.

"Lakini mzee wangu," nikasema, "si umeshajua ni utani?"

"Mimi najua. Na hawa wanajua. Newala kuna ukoo mzima unaongoja kutuuliza tumeoa kwa nani. Hao nitawaonyesha nini, utani au picha?"

Nikashuka kwenye cherehani cha kukanyaga. Akasogeza simu kidogo, kwa kidole kimoja. Nikataja cherehani kilichotumika. Akasogeza tena. Jamani, mimi nimebishana na Waarabu, nimebishana na watu wa ushuru, sijawahi kupigwa namna ile, na mtu ambaye haongei! Tulimaliza kwenye msahafu na seti ya masufuria. Masufuria yenyewe, akasema, wangenunua kwangu, na kwa kuwa sasa tu ndugu, kwa bei ya jumla.

Zuhura aliulizwa, akaridhia, maana kijana anampenda. Ila wageni walipoondoka alikuja kutoa vyombo, akaniambia bila kuniangalia, "Si kitu, mjomba. Nitaazima." Angenitukana ingekuwa nafuu.

Soko nalo halikukaa kimya. Wiki iliyofuata wamama waligoma kufungua meza, wakajaa mbele ya ofisi: iondoke, imetufanya wote wezi. Nikaenda kusimama nao mbele kabisa, nikipaza sauti kuliko wote. Fundi akaja kuitetea mashine yake, akasema ina faida, mfano ni yule mzee aliyepotelewa na vifuniko, jawabu lipo humu. Akawasha. Nikaonekana mimi, siku baada ya siku, nikibishana na wamama juu ya ndoo, na nikishashinda, nikiinama kwa furaha ya ushindi na kuwapa kifuniko cha ziada. "Chukua mama, nyongeza hiyo." Mwingine naye, nyongeza. Nahesabu mali mara mbili, nyongeza sijawahi kuihesabu hata mara moja.

Nyuma kabisa ya umati Mama Uji akauliza, polepole, ili kila mtu asikie: "Mzee wa Ndoo, kama huna unachoficha, unaogopa nini?"

Kamera ilishushwa siku hiyo hiyo, sasa imeviringishwa kwenye mfuko ofisini, na mgambo amefundishwa utani (alishanyang'anywa kirungu mara kadhaa). Lakini picha yangu iko Newala, ndani ya simu ya mkwe, Mzee Bakari, na harusi ni msimu ujao wa korosho. Nimemwomba aifute. Amesema ataifuta, tukishakubaliana bei ya masufuria.

Kwa hiyo naomba ushauri, na sioni aibu tena kuomba: mtu anadaije uso wake mwenyewe ukiwa mfukoni mwa mwenzake? Na kama hilo hamlijui, nisaidieni jepesi. Mwenye cherehani, chenye mota, hata kama kimetumika, aje mezani kwangu anitajie bei. Ni cha mtu aliyeniamini, nataka kimfike kabla hajaolewa. Sitabisha.

Nitabisha kidogo. Lakini njooni.