Pedali Inapotetemeka

Saa moja asubuhi, uwanja wa mnada wa Mlowo umejaa tope. Barnaba Mbonile (51), mwalimu wa udereva, ameketi kushoto kwa mwanafunzi wake, ndani ya gari dogo lililokwisha kusamehe wengi.

"Kanyaga!" anaamuru.

Shamimu, muuza vitenge wa Tunduma, anakanyaga breki. Pedali inatetemeka. Kwa heshima zote za mtu aliyelipa ada, anapiga yowe na kuinua mguu. Gari linaserereka, na mbuzi mmoja anaahirisha kifungua kinywa chake.

"Mwalimu, breki zinakataa!"

"Hazikatai, mama. Zinafanya kazi."

"Basi zifanye bila kunitekenya!"

Barnaba anacheka kidogo. Lakini neno hilo, kukataa, liliwahi kumponza.

Alijifunza udereva kwenye malori ya zamani. Kwenye utelezi, breki ilikanyagwa na kuachiwa, ikakanyagwa tena, ili magurudumu yasijifunge. Mwaka 2009 alinunua gari lililotumika kutoka Japani, lenye breki za ABS, ambazo hufanya kazi hiyo zenyewe, haraka kuliko mguu wowote. Hakuna aliyemwambia kwamba zikifanya hivyo pedali hutetemeka.

Siku ya mvua, kwenye mteremko wa kwenda Mbebe, ng'ombe alisimama barabarani. Barnaba alikanyaga, pedali ikatetemeka. Akadhani breki zimekataa, akaachia ili akanyage tena. Gari likatumbukia korongoni. Mkewe, Enesi, aliyeketi pembeni yake, alifariki palepale.

"Gari lilikuwa linanisaidia," anasema. "Ningeshikilia mguu na kukata usukani, tungempita yule ng'ombe. Fundi alinieleza baada ya mazishi."

Ndipo akawa mwalimu. Kanyaga kwa nguvu, shikilia, elekeza usukani. Na uende taratibu, anaongeza, kwani kwenye kokoto hata gari lenye ABS huchelewa kusimama. Lakini kwenye mteremko ule hajawahi kumpeleka mwanafunzi.

Sasa binti yake wa pekee, Gwantwa, amepata kazi ya kuendesha gari la wanunuzi wa kahawa Ileje. Njia ni ileile ya Mbebe.

"Baba, umefundisha Mlowo nzima, hata wanaogonga miti," alimwambia. "Mimi nimekukosea nini hata usinifundishe?"

Jumamosi watakwenda mteremkoni pamoja.

"Naomba inyeshe," anasema Barnaba. "Pedali itetemeke nikiwa pembeni yake. Akishtuka, nimkandamize goti, asiinue mguu."