Wa Kumtua Danieli

Leah alikuwa ameuchoka ule ukuta. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani kwao, huko Mbozi, na kila akiinua macho, mumewe alikuwa bado na mzigo kichwani.

Ukuta ulikuwa kazi ya Osea. Katika vita ya Mjerumani na Mwingereza, yeye na Danieli, mume wa Leah, walichukuliwa kuwa tengatenga, wapagazi wa jeshi. Miaka kumi baada ya vita wazee walimwomba Osea achore kumbukumbu, naye akaujaza ukuta mzima, toka mlangoni hadi madhabahuni. Juu, tembo wawili wanapigana. Chini yao, mahali pa nyasi, ni msururu wa watu wenye mizigo. Maana yake hata mtoto aliijua, ila mwalimu wa kanisa aliieleza kila wiki, maana kunyamaza kulimshinda. Udongo mwekundu ndiyo njia. Chokaa ni mifupa ya waliobaki huko.

Yule mrefu aliyeinamisha shingo ni Danieli. Alianguka njiani na mzigo wake, na Leah hakupata hata kaburi la kupalilia. Machozi yalikwisha zamani, ukabaki uchovu.

Siku ambayo wanawake walikuja kusiliba sakafu ya kanisa kwa udongo, Leah alimkuta Osea anakoroga chokaa.

“Shemeji, mtue Danieli.”

“Nikiufuta mzigo, nani atajua kwamba alikuwa tengatenga?”

“Sikusema uufute. Nimesema mtue.”

Osea aliacha kukoroga. “Mzigo ule mtu hajitui mwenyewe, shemeji. Alitaka wa kumpokea. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikakatazwa kusimama.”

Leah hakumlaumu. Nyumbani kwao mume akirudi safari, mke ndiye hutoka kumpokea mzigo, na yeye alikuwa bado hajatoka. Alichovya viganja katika ndoo ya chokaa, akaenda ukutani, akavibandika mbele ya Danieli, kimoja upande huu wa mzigo, kimoja upande ule.

“Nimempokea,” alisema. “Sasa uchore chini.”

Osea alichukua mkaa. Aliuhamisha mzigo, akauweka miguuni mwa Danieli.

Leah aliketi sakafuni, mikono yake myeupe mapajani, usingizi ukamchukua pale pale, mchana kweupe. Wenzake walisiliba wakimzunguka, na hakuna aliyemwamsha.